Bia Ile Haikuwa Imechacha

SWALI: Shikamoo mzee. Jumamosi iliyopita shemeji yangu alitutoa kwa chakula cha usiku, mimi na mume wangu. Mhudumu akatushauri tuonje bia ya ngano inayopikwa na kiwanda kidogo cha eneo lilelile. Ilikuja na ukungu kama maji yaliyooshewa mchele, mashapo yamelala chini ya chupa, na harufu yake, usinicheke, ilikuwa ya ndizi mbivu na karafuu. Mimi niliipenda. Shemeji akanusa mara moja, akasema imechacha, akamwita mhudumu kwa sauti iliyogeuza shingo za meza zote. Ikarudishwa. Je, ilikuwa mbovu kweli, au tulimwonea yule kijana?
Mwonjaji Mwenye Aibu

JIBU: Marahaba mwanangu. Mlimwonea.

Ulichokinusa ni kazi ya hamira. Bia za ngano za mtindo wa Bavaria, kusini mwa Ujerumani, huchachushwa kwa hamira ya aina yake, na ikiwa kazini hutoa vitu viwili vyenye majina magumu: isoamili asetati, ambayo ndiyo inayoifanya hata ndizi yenyewe inukie ndizi, na vinili gwayakoli, yenye harufu ya karafuu. Hakuna aliyetumbukiza tunda wala kiungo pipani. Joto la kuchachushia likipanda, mara nyingi ndizi hutawala. Likishuka, karafuu nayo hupata nafasi ya kusikika. Ukungu hutokana na protini za ngano pamoja na hamira ambayo haikuchujwa, na yale mashapo ni hamira hiyohiyo iliyotua. Anayeipenda humimina sehemu kubwa ya chupa, huizungusha kidogo ile iliyobaki, kisha huimalizia kwenye glasi. Asiyeipenda huiacha chupani, na hajakosea.

Shemeji asijilaumu sana kwa kutoijua hamira. Sheria ya bia iliyotolewa Bavaria mwaka 1516 ilitaja shayiri, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) na maji tu. Hamira haikutajwa kabisa, ingawa ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi yote.

Nami sina haki ya kumcheka. Nilisimama nyuma ya kaunta miaka 11, na katika mwezi wangu wa kwanza mteja alirudisha chupa ya guezi, bia chachu kutoka Ubelgiji, akisema ni siki. Nikaonja, nikakunja uso, nikaimwaga yote kwenye sinki huku nikimwomba radhi. Mwenye mgahawa aliniita pembeni. Akanieleza kwamba bia ile huachwa ichachushwe na vijidudu vya hewani na vya kwenye mapipa ya mbao, katika bonde la mto Zenne na maeneo ya jirani na Brussels, kisha iliyokaa mwaka mmoja huchanganywa na iliyokaa miwili au mitatu. Ukali ule ndio mteja alioulipia, ila hakuna aliyemwambia. Tangu siku hiyo, kabla ya kusema bia ni mbovu, nauliza kwanza: ilikusudiwa iweje?

Bia mbovu zipo, tena nyingi, na pua ikizizoea huzitambua upesi. Harufu ya karatasi ya boksi iliyolowa maana yake bia imezeeka na hewa imeipata. Harufu ya mnyama anayejihami kwa kunuka maana yake mwanga umeigusa hopsi. Ndiyo sababu chupa ya kahawia huilinda bia kuliko ya kijani au isiyo na rangi. Harufu ya siagi kwenye bia nyepesi ya bomba, hasa ikiandamana na uchachu, hunifanya nishuku mrija usiosafishwa. Hapo rudisha bila woga. Lakini ukiwa katika mji wa Bamberg, Ujerumani, ukaletewa bia inayonuka nyama iliyokaushwa kwa moshi, tulia unywe: kimea chake kimekaushwa juu ya moto wa kuni.

Jambo moja zaidi. Msikubali bia ya namna ile iletwe baridi ya kugandisha meno. Baridi kali huficha harufu, nzuri na mbaya, na nadhani baadhi ya wauzaji hulijua hilo vizuri mno. Iacheni mezani dakika 10 ndipo mnuse tena.

Kuhusu shemeji, usimsahihishe mbele za watu. Siku mkirudi pale, agiza wewe, ileile. Mwambie mhudumu kwa sauti ya kawaida: "Kijana, hebu tuelezee bia hii kabla hujaifungua." Yeye ataeleza, shemeji atasikia, na wewe hutakuwa umesema neno.

SWALI: Mzee, nilikunywa chupa moja tu, tena ndogo, ya bia ya kiwanda kidogo cha pale tulipokula. Nilipoinuka nikajikuta nashika kiti. Mke wangu haamini kwamba ilikuwa moja. Waliniwekea nini?
Moja Tu

JIBU: Hawakukuwekea kitu. Geuza chupa usome lebo. Bia nyingi za kawaida huwa na kilevi cha asilimia 5 hivi, lakini viwanda vidogo vya bia hupenda kupika hata za asilimia 8 au 10. Piga hesabu: nusu lita ya asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi halisi, chupa ndogo ya mililita 330 yenye asilimia 8 ina mililita 26 na kitu. Kwa hiyo chupa ilikuwa moja, hukudanganya. Ila ukinywa hiyo kwa kasi ileile unayonywea bia nyepesi, tena kabla chakula hakijafika, utashika kiti. Bia ya namna hiyo gawaneni wawili, muinywe polepole pamoja na chakula. Mkeo naye apate nusu yake, ndipo atakuamini.