Gari la umeme la mtumba, la kwendea Mtumba

Tangu nianze kuegesha Nissan Leaf pale ofisini, haipiti wiki bila mtu kunivuta pembeni: "Kaka, na mimi nataka la umeme. Nichukue la mtumba au nijikaze nichukue zero kilometa?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja wakati wa chai, basi naandika mara moja.

Nakaa Nkuhungu hapa Dodoma, kazi yangu iko Mji wa Serikali, Mtumba. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 45. Mwaka 2023 niliagiza Leaf ya 2013 kutoka Japani, yenye ile betri ndogo ya kilowati-saa 24. Bei ilinilainisha, na hapo nikapigwa mara mbili. Kwanza kodi: gari likishavuka miaka minane linaongezewa ushuru wa uchakavu. Kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, kiko wazi mtandaoni, ila mimi nilikifungua nikiwa nimeshalipia gari.

Pili, betri yenyewe. Pembeni mwa dashibodi ya Leaf kuna vijistari 12 vinavyoonyesha uzima wa betri. Si chaji, ni uzima. Kwenye picha za muuzaji vilikuwepo vyote. Gari likafika Dodoma, miezi miwili tu vikabaki tisa. Fundi ndiye aliyenifumbua macho: kumbukumbu ya kompyuta ya betri inafutika, vijistari vinarudi vyote, halafu ukianza kuendesha ukweli unajianika. Kwa hiyo hata ukiipima kwa programu ya LeafSpy, usiishie hapo. Jaza chaji, endesha mpaka ibaki asilimia 20, hesabu kilomita. Gari lililoko Yokohama huwezi kulifanyia hivyo, ndiyo maana leo ningenunua ambalo limeshaingia nchini, hata likizidi milioni mbili tatu. Na betri ya Leaf haina mfumo wa maji wa kuipoza, joto linaila taratibu. Jua letu la Oktoba mnalijua.

Yangu sasa inakwenda kilomita 90 hivi kwa chaji moja, barabara kuu ikikuharakisha ni pungufu ya hapo. Nililijua hilo kwenye msiba Bahi. Kufika kule, kilomita 55, nilifika vizuri; kurudi ikawa haiwezekani. Baba mdogo akanitolea waya wa ekstensheni kupitia dirisha la jikoni, gari likachajiwa usiku kucha kama simu. Kila baada ya saa moja natoka na tochi kushika plagi, maana ilikuwa inapata moto. Asubuhi LUKU yao inalia. Nikawanunulia umeme wa elfu ishirini, lakini hadithi hiyo kwenye ukoo haitaisha leo.

Nyumbani nako usidhani ni kuchomeka tu. Chaja yangu ilikataa kabisa siku ya kwanza, taa nyekundu. Kumbe ethi, ule waya unaoshuka ardhini, ni mbovu. Udongo wetu ukikauka haupitishi umeme sawasawa. Fundi umeme akachimba upya, akashindilia mkaa na chumvi, akaniachia agizo la kumwagilia maji kiangazi chote. Mke wangu anasema ndicho kitu pekee ninachokimwagilia hapa uani.

Mwenzangu mmoja hakutaka presha hizo, akaagiza jipya kabisa moja kwa moja kutoka China. Betri safi, inakwenda mbali, hilo sibishi. Lakini lilitengenezwa kwa soko la kule: skrini nzima Kichina, na tundu la chaji ni la mfumo wa kwao, akaanza kusaka adapta. Waranti anayo, ila karakana inayoitambua iko huko huko China. Jipya linaanza kuwa na maana pale tu anayekuuzia ana karakana hapa nchini na waranti ya betri imeandikwa kwenye karatasi. Bila hivyo umelipia harufu ya viti vipya.

Hesabu ya uendeshaji haina ubishi. Kwa safari yangu ya siku naunguza uniti nane au tisa. Kwa shilingi 350 na ushee kila uniti, ni kama elfu tatu. Hiyo ni kama bei ya lita moja ya petroli, na kwa Toyota IST yangu ya zamani lita moja ilikuwa hainifikishi hata Mtumba.

Sasa jibu langu. Kama siku yako haizidi kilomita 60 na una pa kuchajia nyumbani, chukua la mtumba, ila ruka betri ya 24. Tafuta ya 40, yaani Leaf za kuanzia mwishoni mwa 2017. Kama ndilo gari pekee la familia na kila mwezi uko Singida au Iringa, subiri kwanza, la mtumba na jipya yote mawili. Mimi Dar naenda kwa treni ya SGR. Kwetu Kondoa bado napanda basi, na Leaf naiacha uani ikichaji.