Mistari Myembamba Iliyopotea Jaladani

SWALI: Mhariri, ninasanifu jarida dogo la utalii hapa Moshi. Jina la jarida nililiweka jaladani kwa fonti ya Bodoni, herufi nyeupe juu ya picha ya Mlima Kilimanjaro, na kwenye kompyuta lilipendeza mno. Lilipotoka kuchapwa, mistari myembamba ilikuwa imekatika. Makala za ndani nazo, nilizozipanga kwa fonti hiyohiyo katika saizi 9, wasomaji wanalalamika kuwa zinawaumiza macho. Je, fonti hii haifai? (Msanifu, Moshi)

JIBU: Ndugu Msanifu, fonti haina kosa, ila umeitwisha kazi mbili isizoziweza.

Herufi hizi, ambazo mistari yake minene na myembamba hutofautiana sana, zilianza kujitokeza katika karne ya 18, John Baskerville wa Birmingham, Uingereza, alipotafuta karatasi laini na wino mweusi zaidi; kisha Firmin Didot wa Paris na Giambattista Bodoni wa Parma, Italia, wakaufikisha utofauti huo ukomo wake. Enzi hizo kila saizi ilichongwa peke yake, kwa hiyo herufi ndogo ziliweza kuongezewa unene kidogo katika mistari myembamba. Fonti nyingi za kompyuta zina mchoro mmoja tu, na mchoro uliokusudiwa kichwa cha habari ukiupunguza hadi saizi 9, ile myembamba hufifia na msomaji hubaki na mistari ya wima. Kiswahili chetu chenye m, n na u nyingi hulizidisha tatizo: andika “mwanamume” kwa Bodoni ndogo na utaona uzio.

Kuhusu jalada, kumbuka kwamba herufi nyeupe haichapwi. Ni karatasi iliyoachwa wazi, na wino zote nne zinazojenga picha lazima ziache nafasi ileile. Wino mmoja ukisogea kidogo tu, au ukisambaa, upenyo mwembamba huzibika. (Na kama jina lilipita juu ya theluji ya Kibo, hata mashine bora isingekuokoa.) Liweke kwenye sehemu tulivu ya picha, kwa uzito (yaani unene wa herufi) mkubwa zaidi wa fonti hiyo, au ulichape kwa wino mmoja mzito.

Ukiipenda sura hiyo, Bodoni Moda hupatikana bure na ina michoro inayobadilika kuanzia saizi 6 hadi 96. Playfair Display, ya bure pia, ibaki kwenye vichwa. Kwa makala za ndani mimi ningechagua Gentium, ambayo utofauti wa mistari yake ni wa wastani.

Jambo moja husahaulika: ng’ katika vichwa vikubwa. Alama iliyonyooka ya kibodi huonekana ngeni kabisa kati ya herufi hizi. Tumia ile iliyopinda, yenye kichwa cha mviringo na mkia mwembamba, kisha punguza nafasi inayoifuata, la sivyo “Ng’ambo” itasomeka kama maneno mawili.