Maswali na Majibu: Sababu ya Safari Inaingiaje Katika Ratiba?

SWALI: Mimi ni mpangaji mpya wa ratiba katika kampuni ya utalii hapa Arusha. Nimepokea maombi ya familia ya watu sita kutoka Ujerumani: bibi wa miaka 76 mwenye maumivu ya goti, binti yake na mumewe, na wajukuu watatu ambao mdogo wao ana miaka 8. Wanakuja katikati ya Februari kwa siku saba. Binti ameandika kwamba wanataka kuwaona wanyama wakubwa watano (simba, chui, tembo, nyati na kifaru), na mwishoni akaongeza kuwa huenda hii ikawa safari ya mwisho ya mama yake pamoja na wajukuu. Niliwapangia Tarangire, Manyara, Ngorongoro, Seronera na Kogatende, lakini mkuu wangu ameirudisha kazi akisema hiyo ni ratiba ya mtu yeyote. Ratiba hufanywaje iwe ya mgeni mwenyewe?

JIBU: Ndugu msomaji, mkuu wako yuko sahihi, na jibu umeliandika wewe mwenyewe katika swali lako. Wanyama watano ni maneno ambayo wageni huyakuta kwenye matangazo wakayarudia kwetu. Ile sentensi ya mwisho ndiyo iliyowafanya wakate tiketi. Bibi anataka kukaa na wajukuu wake mahali ambapo watamkumbuka. Ichukue sababu hiyo kama unavyochukua tarehe na idadi ya watu, kwa maana nayo hubadilisha kilomita, malazi na hata kiti cha kukalia ndani ya gari.

Anza kwa kuifuta Kogatende, iliyo kaskazini mwa Serengeti. Watu huifuata kwa sababu ya nyumbu kuvuka Mto Mara, na jambo hilo huonekana zaidi kati ya Julai na Oktoba. Februari nyumbu huwa kusini, katika nyanda za majani mafupi kuzunguka Ndutu, wakizaa. Tarangire nayo ni nzuri mno wakati wa kiangazi, tembo wanapokusanyika mtoni, lakini kwa Februari na kwa siku saba mimi ningeiacha bila majuto, pamoja na Manyara na Seronera.

Kinachobaki ni hiki. Wapumzike Arusha usiku wa kwanza, kisha walale Karatu mara mbili. Barabara ya kufika huko ni ya lami, kiasi cha kilomita 140, na goti la bibi halitapata shida. Wauzaji wengi watakushawishi uwalaze ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro kwa ajili ya mandhari, lakini ukingo uko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,300, usiku wake ni wa baridi kali, na mtu wa umri huo hulala vizuri zaidi Karatu. Siku ya kreta waondoke alfajiri, wateremke mapema, na chakula cha mchana wakile ndani ya gari wakifika Ngoitokitok, mahali pa kupumzikia ndani ya kreta, kwa sababu mwewe wa pale hunyakua mkate mkononi mwa mtoto kabla hajaupeleka kinywani. (Watoto hulicheka jambo hilo mwaka mzima; bibi mwenye goti bovu akishtuka na kuanguka, hakuna atakayecheka.)

Siku zote zilizosalia zipeleke Ndutu, walale mara tatu katika kambi moja. Hapo ndipo penye kiini cha safari yao. Wakikaa mahali pamoja, bibi anaweza kubaki kambini asubuhi moja na mjukuu mmoja bila kuona kwamba amepoteza chochote, na jioni wote wakatoka tena. Watoto wataona ndama wa nyumbu akisimama dakika chache baada ya kuzaliwa, miguu ikitetemeka, na pengine wataona fisi au duma akimchukua ndama huyohuyo. Waulize wazazi mapema kama wako tayari kwa hilo, kisha dereva aelezwe jibu lao. Waeleze pia kwamba nyumbu hufuata mvua, na ikinyesha kwingine huhama. Kumbuka vilevile kwamba Ndutu iko mpakani mwa Ngorongoro na Serengeti, hivyo gari likivuka kuingia Hifadhi ya Taifa ya Serengeti kuna kiingilio kingine cha kulipia. Kiandike kwenye bei tangu mwanzo au uamue wasivuke.

Siku ya saba warudi Arusha kwa ndege ndogo kutoka uwanja wa Ndutu, ili bibi asirudie ile barabara ya vumbi inayotikisa mifupa. Mizigo kwa kawaida ni kilo 15 kwa kila mtu, katika mifuko laini. Masanduku mazito yatarudi na gari.

Sababu ya safari iandike pia kwenye karatasi ya dereva. Hili nililijifunza kwa kosa langu. Miaka iliyopita nilimpangia safari mama mmoja aliyefiwa na mumewe, naye aliniambia kwamba alitaka tu kukaa kimya karibu na tembo. Nilichagua hifadhi inayofaa na kambi tulivu, lakini dereva sikumwambia neno. Siku ya pili walikuwa wamesimama kando ya kundi la tembo wenye watoto, redio ikaita kwamba kuna simba juu ya mti, na dereva, kwa nia njema kabisa, akawasha gari na kukimbia. Mgeni hakulalamika, ila aliporudi alinieleza habari za vumbi zaidi ya habari za tembo.

Kwa hiyo mchague dereva mwenye subira kabla ya kumtafuta anayejua Kijerumani. Gari la viti saba litawatosha, kila mtu na dirisha lake. Bibi umweke safu ya kati, kwa kuwa nyuma, juu ya ekseli, ndiko gari linakorusha zaidi. Mwagize dereva abebe kigoda cha kupandia, na kabla ya kutuma bei mpigie binti simu umuulize jambo ambalo fomu yenu bila shaka haina: mama yake anaweza kupanda ngazi ya urefu gani.