Gati la mbao huanza kuoza juu, si chini ya maji

Hapa Matema, Kyela, mtu akishajenga gati hofu yake yote huwa kwenye nguzo zilizozama ziwani. Hizo ziache. Kuvu wanaoozesha mti wanahitaji hewa, na sehemu iliyozama muda wote haina hewa ya kuwatosha. Ziwa Nyasa pia ni maji baridi, kwa hiyo hatuna wale viumbe wanaotoboa nguzo baharini. Gati huuliwa pale maji na hewa vinapopokezana: sehemu ya nguzo inayolowa na kukauka, vichwa vya mbao, na kila kiungo.

Na mstari wa maji wenyewe hautulii. Ziwa hujaa masika yakiisha, kisha hushuka taratibu mpaka mvua zianze tena. Mimi hukagua kati ya Oktoba na Novemba, nguzo zikiwa wazi na mbao zimekauka. Macho peke yake hayatoshi, chukua bisibisi. Choma pembeni mwa bolti na chini ya mbao zinapolalia boriti. Mbao nzima itakukatalia. Ikipokea ncha kama andazi, ibadilishe hata kama juu bado inapendeza.

Paini ya Sao Hill ni nyepesi na inapatikana kirahisi, ila isiyotiwa dawa usiipeleke ziwani kabisa. Kwa nguzo, tafuta mkaratusi uliotiwa dawa kiwandani, kama zile nguzo za umeme. Kumbuka ukiikata unafungua moyo wake, ambako dawa haikufika. Kichwa kilichokatwa kiwe juu, kipakwe dawa, kifunikwe na kipande cha bati. Vipande vinavyobaki visiende jikoni, maana dawa hizo mara nyingi zina aseniki, na moshi wake ni sumu.

Mbao za kukanyagia ziachiane angalau unene wa msumari wa inchi nne. Mvua za Kyela tunazijua. Majani na mchanga vikiziba mianya hiyo, mbao hazikauki tena. Fagia, na penye utelezi sugua kwa brashi ngumu.

Mafundi wengi watakuambia upake oili chafu. Kwenye uzio wa ng'ombe sibishani nao. Ziwani watu wanachota maji, wanaoga na kuvua, na oili hiyo hatimaye itaingia humo humo. Tumia dawa ya mbao ya kupaka, mbao ikiwa imekauka sawasawa.

Mwera, ule upepo mkali wa kusini, ukivuma, boti hulivuta na kuligonga gati hadi nati zinalegea. Funga matairi chakavu ubavuni, na upepo ukishatulia pita na spana.

Upande wa nchi kavu, adui ni mchwa. Boriti ya mwisho ikae juu ya zege, chini pabaki wazi, ili ukiona njia zao za udongo uzibomoe siku hiyo hiyo.