Mchango wa kampeni humnunulia nini mtoaji?

Swali lako ni kama pesa za kampeni hununua kura ya mbunge. Mara nyingi hununua kitu cha mapema zaidi: nafasi ya kusikilizwa wakati muswada bado unaandikwa.

Chukua Marekani, mwaka 2003. Bunge lilipitisha sheria ya kuwasaidia wazee kulipia dawa kupitia Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee. Jambo jema kabisa. Lakini ndani yake kikawekwa kifungu kinachoikataza serikali kujadiliana bei na kampuni za dawa. Mnunuzi mkubwa namna hiyo, kafungwa mdomo kwa sheria! Kwenye Baraza la Wawakilishi kura ilipigwa usiku wa manane na kuachwa wazi kwa muda wa karibu saa 3, viongozi wakiwazungukia wabunge wao, mpaka ikapita kwa 220 dhidi ya 215. Billy Tauzin, mwenyekiti wa mojawapo ya kamati zilizoshughulikia muswada huo, aliondoka bungeni Januari 2005 akaenda kuongoza PhRMA, umoja wa kampuni hizohizo za dawa.

Ndiyo maana mimi naogopa zaidi kazi nono inayomsubiri mbunge akistaafu kuliko hundi ya kampeni. Hundi angalau huandikwa kwenye hesabu.

Kifungu kile hakikulegezwa hadi 2022, tena kwa dawa chache tu: 10 za mwanzo, bei mpya kuanzia Januari 2026. Miaka yote hiyo waliolipa ni wagonjwa na walipa kodi.