Skii Japani kwa mara ya kwanza: tafuta kiwanja kidogo cha kijijini

Mkuu uliyeuliza kama hiyo likizo yako ya siku tatu uipeleke Niseko au Hakuba, vile viwanja vikubwa vya skii (kuteleza kwenye theluji kwa mbao mbili miguuni), na umesema hujawahi kukanyaga theluji: achana na kote kuwili. Tafuta kiwanja cha kijijini, kile kizee chenye lifti mbili tatu, yaani viti vinavyoning'inia kwenye kebo vya kukupandisha mlimani. Mimi nilikaa Japani miaka minne kwa masomo, kwetu ni Tanga, kwa hiyo nilianza na ujuzi ule ule ulio nao wewe, yaani wa barafu ya friji.

Naongelea upande wa Iiyama, kaskazini mwa mkoa wa Nagano. Jina la kiwanja nitakutumia inbox, sitaki watu wajazane. Shinkansen, treni ya kasi, kutoka Tokyo inakufikisha Iiyama chini ya saa mbili, halafu unapanda katreni ka dizeli, behewa moja au mawili, kanakofuata mto Chikuma. Mbele kwenye reli hiyo hiyo kuna stesheni ya Morimiyanohara, na pale wamesimamisha nguzo kuonyesha theluji ilipofika tarehe 12 Februari 1945: mita 7.85. Upepo wa baridi unatoka Siberia, unavuka Bahari ya Japani na kubeba mvuke, ukigonga milima unamwaga mzigo wote hapo. Siku hiyo hiyo Tokyo unaacha watu wameanika nguo juani.

Nililipa yen 3,500 kwa tiketi ya siku nzima, kama elfu sitini za kwetu. Niseko tiketi ya milima yote kwa siku imeshavuka yen 10,000, na wewe siku ya kwanza utaitumia kuanguka kwenye kamteremko ka watoto. Kuanguka ni kule kule, mkuu, ila bei ndiyo inauma.

Balaa langu lilianzia kwenye viatu. Japani viatu vya skii vinapimwa kwa sentimita, na mguu wangu unataka 30. Mzee wa kukodisha vifaa akanipa 28, nikasukuma mpaka jasho likanitoka katika baridi ile. Akautazama mguu wangu kwa muda mrefu, kama fundi anayetazama injini, akaingia stoo nyuma. Alirudi na jozi nyekundu yenye vumbi, nadhani ilikuwa na umri wangu. Ikaingia. Palepale akafunga duka, akanifuata nje na kuanza kunifundisha bila kuniomba hata yen moja. Sidhani kiwanja kikubwa kingekupa kitu hicho, maana kule kuna foleni. Hapa siku ya Jumanne tulikuwa wateja kama kumi na wawili, na wanne kati yao watoto wa shule.

Somo lenyewe lilikuwa neno moja: yukkuri, polepole. Miguu ikae kama herufi V iliyogeuzwa, ncha za mbele za mbao zikaribiane, magoti yalegee, macho yatazame unakokwenda. Ukitazama miguu, umekwisha. Ng'ambo ya milima hiyo, mji wa Takada ambao leo ni sehemu ya Joetsu, ndiko Meja Theodor von Lerch wa Austria-Hungaria alikowafundisha askari wa Kijapani skii mwaka 1911, tena kwa kushika fimbo moja tu ya kuteleza nayo. Mimi nilipewa mbili na bado nililala chini nusu ya asubuhi. Raha yake ni kwamba theluji ya kule ni laini kama unga wa muhogo. Ukianguka huumii, unazama tu. Kazi ni kuinuka.

Lifti ilikuwa ya kiti kimoja kimoja, haina hata chuma cha kukuzuia mbele. Unasimama kwenye alama, kiti kinakuja nyuma kinakuchota magoti. Anayekisimamia anakifagia kwanza kwa ufagio, kila kiti, kila mtu, kutwa nzima. Njiani spika za kwenye nguzo zinapiga nyimbo za miaka ya themanini. Nilipofika juu sikushuka kwa wakati, kiti kikanisukuma nikaanguka, ikabidi lifti nzima isimamishwe. Watoto wa shule walikuwa nyuma yangu wananing'inia hewani na kunipungia mikono.

Chakula ni kwenye ukumbi wenye hita ya mafuta ya taa katikati, glovu za watu zimeanikwa pembeni. Unanunua tiketi kwenye mashine, unaipeleka dirishani. Kama huli nguruwe, jihadhari na kari na ramen, tambi za supu. Mimi niliponea kwenye udon, tambi nene za ngano.

Nililala minshuku, nyumba ya familia inayopokea wageni. Godoro la kutandika chini, chakula cha jioni na cha asubuhi humo humo. Halafu bafu la maji moto ya chemchemi, onsen. Utaratibu: unavua zote, hata ya ndani, unakaa kwenye kigoda unaoga kwa sabuni, unajisuuza, ndipo unaingia. Sisi wa pwani tumelelewa kujisitiri, kwa hiyo nilisubiri mpaka saa nne usiku nikijua hakuna mtu. Nikakuta wazee watatu. Wakasogea kunipa nafasi, wakaendelea na maongezi yao. (Kama una tatuu ulizia kabla, sehemu nyingi wanakataa.)

Mmoja wao akanieleza kwamba baba yake, baada ya kuvuna mpunga, alikuwa anakwenda Tokyo kila majira ya baridi kufanya vibarua vya ujenzi, kwa sababu kijijini hakuna kinachoota. Lifti zilipojengwa ndipo wanaume wakaanza kubaki nyumbani na wake zao. Mwanzoni mwa miaka ya tisini skii ilikuwa homa ya nchi nzima, minshuku zikajaa hadi watu wakalala korido. Baada ya hapo uchumi uliyumba, vijana wakapungua, na viwanja vingi vidogo vimefungwa. Aliyefagia viti vyangu mchana alikuwa ndiye huyo, kumbe. Kiangazi ni mkulima.

Usidanganyike, kuna hasara. Kama tayari unajua skii utamaliza miteremko yote kabla ya mchana na kuanza kupiga miayo. Kiingereza hakuna. Saa kumi na nusu lifti zinazimwa, kijiji kinalala. Beba pesa taslimu, kadi yako haitasaidia. Usivae jinzi, ikilowa utajuta. Paka mafuta mdomoni, jua likipiga theluji linapasua midomo hata ya sisi weusi. Usipite karibu na mapaa yaliyobeba theluji. Wengi wanaokufa kwa theluji nchini humo ni wazee wanaoiondoa nyumbani kwao, si wacheza skii.

Nenda siku ya kazi, Januari au Februari. Na ukifika kwenye vifaa, kama mguu wako ni mkubwa, ulizia ile jozi nyekundu ya sentimita 30. Nilipokwenda mara ya pili nilikuta mzee ameiandika jina langu kwa kalamu nyeupe kisiginoni, kwa herufi zao.