Uliza Ujibiwe: Vitu vya kuacha nyumbani unapopanda meli ya kitalii

SWALI: Tunakwenda safari ya wiki moja kwa meli ya kitalii, na kuna usiku wa mavazi rasmi. Je, tunaweza kubeba pasi ndogo ya safari? Tumesikia pia kwamba vyumba vina soketi chache, kwa hiyo tumenunua ekstensheni yenye kinga ya umeme. Tumefanya sawa?

JIBU: Vyote viwili viacheni. Moto ukizuka katikati ya bahari, hakuna zimamoto wa kupigiwa simu; wa kuuzima ni mabaharia haohao. Ndiyo maana kampuni za meli hukataa karibu kila kitu kinachotoa joto na kinachoweza kusahauliwa kikiwaka: pasi ya kawaida na ya mvuke, birika la umeme, jiko la koili, hita, blanketi la umeme, mishumaa na udi. Vifaa vya kunyooshea nywele huruhusiwa na kampuni nyingi, na kikaushio cha nywele mara nyingi mtakikuta chumbani.

Suti na gauni zitundikeni bafuni, fungulieni maji ya moto kwa dakika kumi hivi, kisha pitisheni kiganja juu ya kitambaa kuelekea chini kingali na unyevu. Mlango wa bafu uwe umefungwa wakati wote huo, kwa sababu mvuke mzito ukitoka unaweza kuamsha king'ora cha moshi. Meli nyingi zina dobi wa kulipwa, na baadhi zina chumba cha kufulia chenye pasi na meza yake.

Ekstensheni yenye kinga ndiyo inayowashangaza watu wengi, maana nyumbani ni kifaa cha usalama. Umeme wa nyumbani huwa na waya mmoja uliounganishwa na ardhi, na kinga hizo zimetengenezwa kwa mpangilio huo. Melini hali ni tofauti: kwa kawaida nyaya zote mbili zina umeme ukilinganisha na bodi la chuma la meli. Kinga nyingi za bei nafuu hukata waya mmoja tu. Hitilafu ikitokea, waya wa pili unabaki na umeme, kifaa kinaendelea kupata moto ndani ya plastiki, na mwisho kinaungua. Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari kuhusu jambo hilo mwaka 2013. Baadhi ya kampuni sasa zinakataa ekstensheni zote, yenye kinga na isiyo nayo. Bebeni chaja moja yenye matundu kadhaa ya USB, isiyo na waya mrefu wala kinga. Anayelala na mashine ya kumsaidia kupumua aiarifu kampuni mapema. Meli humpa ekstensheni yake yenyewe.

SWALI: Wakikuta kitu kilichokatazwa ndani ya begi, wanafanyaje? Na pombe je?

JIBU: Kila begi hupita kwenye mashine ya eksirei bandarini. Likitiliwa shaka halifiki chumbani. Utaitwa kwenye chumba cha usalama ulifungue mbele yao, na foleni huko siku ya kwanza haifurahishi. Pasi na vifaa vya namna hiyo huwekewa lebo ukarudishiwa siku ya mwisho. Silaha na dawa za kulevya ni kesi nyingine kabisa. Bangi hukataliwa hata kama bandari mnayopandia inairuhusu, kwa kuwa meli inaingia katika nchi zenye sheria zake.

Kampuni nyingi huruhusu kila mtu mzima chupa moja ya mvinyo ya mililita 750, ibebwe mkononi siku ya kupanda. Ukiinywea mgahawani, huenda ukatozwa ada ya kuifungua. Pombe kali huchukuliwa na kutunzwa hadi mwisho wa safari, hata ile uliyonunua bandarini njiani. Ujanja wa kuimimina kwenye chupa ya dawa ya kusukutulia mdomo wakaguzi wanaujua tangu zamani.

SWALI: Kijana wangu anapenda suruali za mabaka ya kijeshi. Safari yetu ni Karibi.

JIBU: Zibaki nyumbani, pamoja na kofia na mabegi ya rangi hizo. Barbados, Jamaika, Trinidad na Tobago na Saint Lucia ni miongoni mwa nchi zinazomkataza yeyote asiye mwanajeshi kuvaa mabaka ya kijeshi, na mtoto hasamehewi. Melini hakuna atakayekuuliza. Tatizo linaanza ukikanyaga gati.

SWALI: Ni vitu gani visiwekwe kwenye sanduku kubwa?

JIBU: Pasipoti kwanza. Sanduku kubwa unalikabidhi kwa wapagazi kabla ya kufika dirisha la ukaguzi, na hapo dirishani ndipo pasipoti inapodaiwa. Wapo wanaosimama kando ya foleni wakisubiri sanduku lao litafutwe kati ya maelfu.

Dawa pia zikae mkononi, ndani ya vifungashio vyake vya asili, maana sanduku linaweza kufika chumbani jioni. Ongeza nguo ya kuogelea na nguo moja ya kubadilisha. Kama unafika bandarini kwa ndege, pawabenki ni lazima iwe kwenye begi la mkononi, na isizidi wati-saa 100, yaani takriban mAh 27,000.

SWALI: Taulo za ufukweni, droni, sigara za kielektroniki?

JIBU: Taulo hutolewa na meli, ukipoteza utalipa. Droni kampuni nyingi huikataa au kuishikilia. Sigara za kielektroniki huvutwa sehemu maalumu tu, na kama meli inatia nanga Singapore usishuke nazo: kuwa nazo tu ni kosa huko tangu 2018. Kama safari inapita Palau, soma pia kifungashio cha mafuta yako ya kukinga jua: yenye kemikali iitwayo oxybenzone yamepigwa marufuku huko tangu 2020 kwa ajili ya kulinda matumbawe, na yakikutwa hunyang'anywa.